SMG haili goroli, tuambieni inalishwa na nani

Ziwa limetulia na dagaa wanaanikwa Mwigobero kama kawaida. Asiyetulia ni mimi. Kuna hadithi inazunguka hapa Mara miaka nenda miaka rudi. Utaisikia kwenye basi ukitoka Bunda, utaisikia kwenye vijiwe vya kahawa, na utaisikia hata kwenye vyumba vyetu vya habari, ambako watu wanalipwa ili waulize maswali. Hadithi yenyewe inasema wezi wa ng'ombe na majangili wa huku kwetu hawaishiwi risasi kwa sababu wanazitengeneza wenyewe. Eti wanavunja betri kuukuu ya gari, wanayeyusha madini yake kwenye sufuria, wanamimina kwenye kalibu, na kukicha wanaingia porini na SMG iliyoshiba.

Hadithi tamu sana. Ina moto, ina usiku, ina mhunzi mwenye siri za mababu. Tatizo lake ni moja tu: haisimami. Na wala si hadithi ya bure, kuna watu inawafaa. Kila tunapoirudia, kuna mtu mahali fulani anapumua, maana tumeacha kuuliza swali linalomhusu yeye.

Tuanze na lugha, maana Kiswahili chetu nacho kimetia mkono. Neno risasi tumelipata kwa Waarabu, na kwao ni yale madini ya kijivu, mazito na laini, ambayo wavuvi wanayatumia kuzamishia nyavu. Zamani kilichotoka kwenye bunduki kilikuwa kweli donge la madini hayo, kwa hiyo babu zetu waliita donge kwa jina la madini, wakamaliza. Bunduki zikabadilika, jina likabaki. Ndiyo maana mpaka leo mtu akisikia "risasi" anadhani sufuria na mkaa vinatosha. Lugha imemdanganya.

Sasa tutenganishe vitu viwili ambavyo polisi wanavipanga kwenye meza moja siku ya kuita waandishi.

Cha kwanza ni gobole. Gobole ni bomba la chuma lililofungwa kwenye kipande cha mti. Unamimina baruti kwa mbele, unashindilia, unatumbukiza chochote kigumu, unashindilia tena, unawasha. Gobole halichagui chakula. Linakula donge la risasi, linakula goroli, linakula vipande vya nondo. Likishalia mara moja, mwenye nalo aanze upya wakati mnyama au adui anakimbia, au anakuja. Gobole linaua, sikatai. Limeua watu na limeua wanyama pembezoni mwa Serengeti, ingawa huko hata waya wa kutegea unaua sana bila kupiga kelele. Lakini gobole ni kazi ya kijijini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hapo hadithi ya sufuria ni kweli tupu.

Cha pili ni bunduki ya kivita. Kwetu hapa majina ni mawili, na kila aliyewahi kusoma taarifa ya polisi anayajua: SMG na SAR. SMG ni jamii ya AK, ile aliyoibuni Mrusi Kalashnikov, na nyingi zilizoko kwetu ni za mtindo wa Kichina. SAR ni ile ndefu yenye kitako cha mti, unayoiona begani kwa askari nje ya benki. Asili yake ni SKS ya Mrusi Simonov ya mwaka 1945. Inabeba risasi 10 na inajipakia yenyewe, ila kila ukitaka itoke moja lazima uvute kifyatulio upya. Zote mbili zinakula kitu kile kile: risasi ya milimita 7.62 kwa 39. Hazili goroli wala nondo. Na lile donge la sufuriani mwa mhunzi, ukiziingizia hivi hivi, hazilitaki kabisa.

Kwa nini? Hapa nawaomba mvumilie kidogo, maana ndipo hadithi inapovunjika mguu.

Bunduki inayojipakia haitumii nguvu ya mkono wako. Ukifyatua, baruti inaungua na kutoa gesi inayosukuma risasi mbele. Kwenye mtutu kuna kitundu. Sehemu ya gesi inapita hapo, inasukuma pistoni nyuma, ganda tupu linaruka nje na risasi nyingine inapanda. Mashine hii imepimwa kwa risasi ya kiwandani inayotoka kwa kasi ya zaidi ya mita 700 kwa sekunde, na ndani ya mtutu kuna michirizi iliyojizungusha ili risasi izunguke na kwenda imenyooka.

Madini ya risasi yanayeyuka kwenye nyuzi 327, na ukucha wa kidole unaweza kuyachora. Yasukume kwa kasi ile na yatababuka: mengine yanabaki kwenye michirizi kama ugali uliogandia sufuria, mengine yanakwenda kuziba kile kitundu cha gesi. Ukipunguza baruti ili risasi iende taratibu, gesi haitoshi kusukuma pistoni, na bunduki yako ya kivita inakwama baada ya mlio mmoja. Unabaki na gobole la bei mbaya.

Wala hili si jambo jipya. Mwaka 1882 Mswisi mmoja, Meja Eduard Rubin, aliivisha risasi koti la shaba kwa sababu hiyo hiyo: bunduki zilikuwa zinazidi kasi na madini matupu yalikuwa hayawezi tena. Toka hapo majeshi yote ya dunia yakahamia kwenye risasi yenye koti.

Najua kuna msomaji atasema, "Mbona Marekani wanafanya?" Ni kweli, wanafanya. Wapo wazee wa kule wenye karakana nyuma ya nyumba, wanamimina vichwa vya risasi kwa mikono na kuvipiga kwenye SKS, kwenye AK na kwenye M1 Garand za vita vya pili vya dunia. Ni starehe yao, kama wengine wanavyofuga njiwa. Lakini tazama wanavyohangaika. Wanachanganya madini na bati na antimoni ili yawe magumu. Wanaweka kikombe kidogo cha shaba kwenye tako la risasi. Wanaipaka mafuta maalumu, wanaipima kipenyo, wanapunguza kasi, na bado wanalalamika kwamba mtutu umejaa uchafu na bunduki imekwama.

Sasa shika hili, maana ndilo kubwa. Hata huyo Mmarekani mwenye karakana anatengeneza KICHWA tu. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki inayowasha, baruti, na kichwa kinachoruka. Ganda ananunua au anaokota. Fataki ananunua. Baruti isiyotoa moshi ananunua. Vyote vimetoka kiwandani. Na ganda la chuma la Kichina au la Kirusi, ambalo ndilo limetapakaa Afrika Mashariki, kitako chake kina vitundu viwili vidogo badala ya kimoja cha katikati, kwa hiyo kutoa fataki iliyoungua na kuweka nyingine ni adha hata kwa mwenye vifaa vyote. Halafu wewe unaniambia hiyo kazi anafanya jamaa wa kijijini usiku, kwa mwanga wa kibatari, anafuata ng'ombe wa jirani? Tuheshimiane.

Na hata hilo donge analoliweza, wa kwanza kuumia ni yeye mwenyewe. Mvuke na vumbi la madini hayo ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu mtaa mzima, mpaka mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Basi hesabu ni rahisi. Gobole linaweza kulishwa na kijiji. SMG na SAR haziwezi. Kila ganda la risasi ya kivita linaloanguka kwenye vumbi la Tarime, Rorya, Bunda au Serengeti limetoka kiwandani, likaingia kwenye kasha, kasha likaingia ghalani, na ghala lilikuwa na mtu aliyetia saini. Tarehe ipo na daftari lipo. Hadithi ya sufuria inafuta mnyororo mzima huo kwa pumzi moja, inatuachia mhunzi tu wa kumlaumu.

"Lakini bunduki zenyewe zilitoka vitani," utaniambia. Naam, nyingi ndiyo. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, aliyeandika kitabu kizima juu ya wizi wa ng'ombe kwa Wakurya, kilichotoka mwaka 2000, anaeleza jinsi vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilivyoleta bunduki za kivita mpakani na kuugeuza wizi wa ng'ombe kuwa biashara ya damu. Uganda nao yaliwakuta: Amin alipoanguka mwaka 1979, Wakaramojong walivamia kambi ya Moroto wakabeba bunduki za jeshi lake, na wafugaji wa huko mpaka leo hawajamaliza kulipa.

Sawa. Bunduki ikitunzwa inakaa miaka 50. Risasi je? Risasi ikishapigwa imekwisha, hairudi. Mtu aliyerudi na SMG mwaka 1979 hakurudi na risasi za kumtosha mpaka wajukuu. Bunduki ya zamani inayolia leo imelishwa juzi. Kwa hiyo ukitaka kujua nani anaendesha mauaji ya leo, usimhoji marehemu aliyekuja na bunduki. Mtafute anayeilisha.

Na njia ya kumtafuta ipo chini ya miguu yetu. Pindua ganda lolote la risasi ya kivita utazame kitako chake. Kuna alama zimegongwa: kwa kawaida ni namba au herufi za kiwanda, na mara nyingi mwaka wa kutengenezwa. Ganda ni kama mtoto aliyepotea huku ameandikwa jina la baba yake kwenye fulana. Unachotakiwa ni kusoma tu!

Majirani zetu walisomewa. Mwaka 2008 taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilitoa ripoti ya James Bevan kuhusu Turkana Kaskazini, nchini Kenya. Jamaa alikusanya risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji, akasoma vitako, akalinganisha na zile za vikosi vya serikali. Akakuta nini? Karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka kinyume cha sheria zilitoka kwa polisi wa Kenya wenyewe, na nyingi zilikuwa za kiwanda cha serikali cha Eldoret. Lengo lilikuwa wafugaji wajilinde dhidi ya majirani. Hakukuwa na mhunzi wala sufuria. Kulikuwa na ghala la serikali lenye mlango wa nyuma.

Mimi sisemi Mara ni Turkana. Ninachosema ni kwamba Turkana swali liliulizwa kwa ushahidi na jibu likapatikana. Sisi tunapewa nini? Fungua gazeti lolote: "Polisi wakamata SMG moja na risasi 23." Nukta. Za kiwanda gani? Za mwaka gani? Zinafanana na zilizookotwa kwenye tukio la mwezi uliopita? Hakuna. Mwandishi kahesabu, kapiga picha, kapewa soda, kaondoka. Nasi tulioisoma tumeridhika kwa sababu namba ipo. Risasi 23 bila alama zake ni sawa na kusema nimekamata gari bila kusoma namba ya gari.

Halafu tunajifanya hatujui kwamba maghala yetu nayo yanavuja. Septemba 2014 majambazi walivamia kituo cha polisi Ushirombo, Bukombe, wakaua askari na kubeba bunduki. Julai 2015 ikawa Stakishari, Dar es Salaam kabisa, damu ikamwagika na bunduki zikabebwa. Askari waliokufa pale walikuwa watoto wa watu, na ni haki yao kwanza kwamba kila risasi ifuatiliwe. Anayedhani kudai hesabu ya risasi ni kuwachukia polisi hajafikiri ni nani anayesimama mbele ya mtutu zikivuja.

Hebu tazama hadithi ya sufuria inavyofanya kazi wakati wa operesheni. Oktoba 2013 ilikuja Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Mwanzoni mwa Novemba ikasimamishwa. Desemba kamati ya Bunge ikaeleza mateso, vifo na mali za wananchi zilizopotea, na mawaziri wanne wakaondoka. Ndiyo matokeo ya kuamini kwamba chanzo cha silaha kiko kijijini: unakwenda kijijini na rungu. Ukiamini chanzo kiko ghalani, unakwenda ghalani na kalamu. Njia ya pili haina mzee wa kuvuliwa nguo mbele ya wajukuu zake.

Watakuja na neno lao kubwa: usalama wa taifa. Eti mambo ya risasi ni siri. Watu wa Mara wimbo huo tunaufahamu. Tuliimbiwa Bungeni juu ya Meremeta, kampuni iliyochimba dhahabu Buhemba, hatua chache kutoka Butiama alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu. Tuliambiwa mambo yake ni ya jeshi, tusiulize. Dhahabu ilitoka, mashimo yakabaki. Sasa na risasi tuambiwe hivyo hivyo? Siri gani hiyo ambayo mchunga ng'ombe wa miaka 10 anaiokota njiani na kuichezea? Muuaji anajua risasi yake imetoka wapi. Aliyemuuzia anajua. Asiyejua ni mama aliyefiwa. Siri ambayo mhalifu anaijua na mwathirika haijui, hiyo inamlinda mhalifu.

Wengine watasema zinatoka Kenya. Vizuri sana, mpaka uko pale Sirari, tunavuka kila siku. Kama zinatoka Kenya, alama zitasema hivyo, na tutakuwa na cha kuwabana wenzetu kwenye vikao badala ya kunong'ona. Kama zinatoka kwetu, zitasema vilevile. Anayejiamini haogopi kupindua ganda.

Na sheria? Tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Soma jina lake: Silaha NA RISASI. Tuna Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo nchi yetu ilitia saini, inayotaka bunduki ziwekwe alama na kumbukumbu zitunzwe. Lakini dunia nzima ilichelewa kwenye risasi. Makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2005 ya kufuatilia silaha ndogo yaliziacha risasi nje, na ni Desemba 2023 tu ndipo ulipitishwa utaratibu wa kimataifa wa kusimamia risasi tangu kiwandani hadi mwisho wake. Mlango umefunguka. Tuingie.

Madai yangu ni matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Mosi, kila taarifa ya polisi ya kukamata risasi za kivita itaje alama za vitako vyake. Ni mstari mmoja tu.

Pili, makasha ya risasi yanayogawiwa vituo vya polisi, kambi na hifadhi za wanyama yaandikwe namba za shehena, ili ganda likiokotwa tujue lilipelekwa wapi. Risasi za kiwanda chetu cha Mzinga, Morogoro, na zile tunazoagiza nje, zote zifuate utaratibu mmoja.

Tatu, sisi waandishi tuache uvivu. Ukiitwa kwenye meza ya silaha, usipige picha ya bunduki kwa mbali. Sogea. Pindua ganda. Uliza kwa sauti, mwenzako asikie na mwenyeji naye asikie. Ukijibiwa vibaya, andika ulivyojibiwa. Umoja wa Afrika umeutenga kila Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha bila kushtakiwa, na kila Septemba tunapiga picha za magobole yenye kutu yakipangwa uwanjani. Pigeni, ni jambo jema. Ila ulizeni pia: mbona anayesalimisha ni mzee wa gobole tu? Mwenye ghala linalovuja atasalimisha lini?

Najua watakaoniambia nimewatetea wahalifu. Hapana. Mwenye gobole akivunja sheria ashtakiwe. Mwizi wa ng'ombe akamatwe, hata akiwa mjomba wangu. Lakini kukamata mdomo unaokula na kuuacha mkono unaolisha ni kazi isiyoisha. Tumeifanya tangu 1979 na makaburi yanaongezeka.

Kwa hiyo safari nyingine mtu akikuanzia hadithi ya betri na sufuria, iwe pale Mukendo au kwenye kiti cha basi, usimcheke. Muulize maswali mawili tu: ganda alilitoa wapi, na fataki alinunua duka gani? Akinyamaza, umeshampata mwenzako wa kuuliza naye swali lenyewe.